DOS Error 4: faili ya ishirini na sita

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wale mlioniuliza maswali ya Linux naomba mnisubiri kidogo. Leo nataka kuwaelezea jambo lililonipata Desemba 2023 huku kwetu. Kuna wenzangu wengi wanaokutana na programu kuu kuu maofisini na kukimbilia kusema zitupwe, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ninaishi Kisii mjini na ninafanya kazi ya kuandika programu. Juma la pili la Desemba nilipigiwa simu na chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa, upande wa Nyamira. Sitakitaja jina. Programu yao ya malipo ilikuwa imekataa kufunguka tangu walipoongeza kiwanda cha tano. (Kwa wasiojua, kiwanda hapa ni pale mkulima anapopeleka matunda ya kahawa, yakapimwa na kumenywa.) Bila programu hiyo hakuna orodha ya malipo, na bila orodha benki haitoi kitu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Januari. Mama yangu mdogo ni mwanachama pale, kwa hiyo hata kabla ya chama kunipigia, yeye alikuwa amenipigia mara mbili.

Nilipanda matatu asubuhi ili nirudi kabla ya mvua ya alasiri, maana mnaijua mvua ya kwetu haiombi ruhusa. Ofisini nilikuta kompyuta ya Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Aprili 2014. Ndani yake kulikuwa na programu ya DOS. Nilipotazama tarehe ya faili ya EXE nikakuta 1996. Mimi na hiyo programu tulizaliwa mwaka mmoja!

"Mwanangu," mama karani akaniambia, "hii mashine inasema nini? Mimi naona tu namba nne."

Kioo kilikuwa cheusi, na katikati kulikuwa na ujumbe kwamba faili fulani ya DBF imeshindikana kufunguliwa, na mwisho wake maneno haya: DOS Error 4. Nikauliza aliyeiandika yuko wapi. Akaniambia alikuwa mwalimu wa hisabati aliyejifundisha kompyuta mwenyewe, na alifariki miaka mingi iliyopita. Msimbo wake? Hakuna anayejua. Labda ulikuwa kwenye diski laini, na diski hizo zilitupwa.

Hapo nikafanya kosa la vijana wenye digrii. Nikasema mbele ya mwenyekiti kwamba mfumo huu umepitwa na wakati, hauwezi kutengenezeka, na mimi nitawaandikia mpya kwa shilingi 180,000. Wazee wakatazamana. Mwenyekiti akasema kamati itakaa Ijumaa. Nikarudi Kisii nikiwa tayari nimeshanunua laptopu mpya kichwani mwangu.

Usiku sikulala vizuri. Si kwa sababu ya dhamiri, tusidanganyane, bali ile namba nne ilinisumbua. Katika DOS makosa ya kufungua faili yana namba zake: 2 ni faili haikupatikana, 3 ni njia haikupatikana, 5 ni umekatazwa kuingia. Nne ni faili zilizofunguliwa kwa wakati mmoja zimezidi. Kwa hiyo programu haikuwa imeharibika. Ilikuwa imejaa.

Niwaeleze kidogo jinsi inavyokuwa. DOS ilipofika toleo la 2.0 mwaka 1983 ilianza kuzipa faili zilizo wazi namba, tuziite vishikio. Kila programu inapoanzishwa hupewa kijedwali chenye nafasi 20 za vishikio. Tano kati ya hizo zimeshachukuliwa kabla hujafanya lolote: kibodi, kioo, ujumbe wa makosa, mlango wa mawasiliano na printa. Zinabaki 15. Zaidi ya hapo kuna jedwali lingine la mfumo mzima, ambalo ukubwa wake unaandikwa kwenye CONFIG.SYS kwa mstari wa FILES. Ukiwa kwenye Windows XP mstari huo unausoma kwenye faili ya CONFIG.NT ndani ya C:\WINDOWS\SYSTEM32, na kwa kawaida utakuta umeandikwa files=40.

Kwa hiyo kuna milango miwili, na watu wengi wanaujua mmoja tu. Ukipanua mlango wa mfumo bila kupanua wa programu, utabanwa kwenye wa programu. Ukifanya kinyume chake, utabanwa kwenye wa mfumo.

DOS 3.3 ya mwaka 1987 ndiyo iliyoiruhusu programu kuomba kijedwali chake kiongezwe kupita 20. Lakini lazima programu yenyewe iombe, na hapa ndipo programu iliyokwisha kukompailiwa inapotisha. Kama mwandishi hakuweka ombi hilo, na huna msimbo wa kukompaili upya, umekwama. Programu nyingi za Turbo Pascal ziko hivyo: faili 15, basi. Lakini hii ya kwetu ilikuwa ya Clipper 5, na watengenezaji wa Clipper walikuwa na busara moja ambayo naiheshimu mpaka leo. Programu yoyote iliyokompailiwa kwa Clipper, inapoamka, hutazama kama kuna kigeu cha mazingira kinachoitwa CLIPPER. Ikikuta F na namba, inaomba nafasi hizo. Yaani kikomo kinaweza kubadilishwa kutoka nje, bila kugusa EXE hata baiti moja.

Alhamisi nikarudi Nyamira kwa nauli yangu. Kwanza nikanakili kila kitu kwenye flashi (tafadhali, fanyeni hivi kila mara, msiniletee vilio). Kisha nikafungua CONFIG.NT kwa Notepad, nikageuza 40 kuwa 99. Nikajaribu. DOS Error 4. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika SET CLIPPER=F:60, nikaanzisha programu kwa faili ya BAT waliyozoea kuitumia.

DOS Error 4.

Nilikaa nikitazama kioo kama mtu aliyetapeliwa. Mama karani akaniambia anakwenda kutafuta chai. Ndipo nikapata wazo la kuifungua ile BAT yenyewe, ambayo sikuwa nimeitazama kwa sababu ilikuwa na mistari michache tu. Nikakuta hii:

REM KIWANDA KIPYA = ONGEZA 3 HAPA. TAZAMA NA CONFIG.
SET CLIPPER=F:25

Mwalimu alikuwa ameacha maagizo, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Na mimi nilipoandika 60 yangu, BAT ilikuja nyuma yangu na kuirudisha 25 kabla programu haijaamka.

Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Vishikio vitano vya mfumo. Kimoja cha EXE yenyewe, kwa sababu Clipper 5 huiacha wazi ili ivute vipande vyake. Saba vya faili za pamoja, yaani wanachama, bei na mikopo pamoja na faharasa zake. Halafu kila kiwanda vitatu: DBF moja na faharasa mbili, moja ya namba ya mwanachama na nyingine ya jina. Viwanda vinne ni 12. Jumla 25 kamili! Faili ya kwanza ya kiwanda cha tano ilikuwa ya 26.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwalimu hakuandika 100 tangu mwanzo akalala. Ni kwa sababu siku hizo programu za DOS zilibanana ndani ya kilobaiti 640, na kila nafasi ya faili ilikula kumbukumbu, iwe inatumika au haitumiki. Hakuwa bahili, alikuwa anahesabu.

Nikageuza 25 kuwa 60 na kuanzisha programu. Ikafunguka. Viwanda vitano, vyote, majina yakashuka kwenye kioo kama kawaida.

Sasa nisikilizeni, maana hiki ndicho nilichokuwa nasita kukiandika. Nilifurahi kwa kama dakika moja. Kisha nikakumbuka kamati inakaa kesho, na zile 180,000. Mama karani alikuwa bado hajarudi. Hakuna aliyeona. Nikafunga programu, nikaifungua BAT, nikarudisha 25. Naam, niliirudisha. Nikajiambia kwamba kwa vyovyote wanahitaji mfumo mpya, kwamba hiyo kompyuta itakufa siku yoyote, kwamba ninawasaidia. Na yote hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yalikuwa rahisi kuyaamini.

Mama karani akaingia na vikombe viwili na ndizi mbivu kwenye sahani. Hakuuliza kuhusu mashine. Alianza kunieleza jinsi mwalimu alivyokuwa akija kila kiwanda kipya kinapofunguliwa, anakaa kiti hicho hicho, hachukui hata robo saa, anakunywa chai na kwenda zake. "Hakuwa anatutoza kitu," akasema. "Alisema ni namba tu."

Ni namba tu. Nilikunywa chai yangu ikanichoma ulimi.

Nikamwita aje aone. Nikafungua BAT mbele yake, nikamwonyesha mstari wa REM, nikamwachia kibodi. Akafuta 25 akaandika 60 mwenyewe kwa kidole kimoja, nikamwonyesha jinsi ya kuhifadhi, na orodha ikafunguka mara ya pili siku hiyo, ingawa yeye alijua ni ya kwanza. Jioni ile ile walichapa orodha ya viwanda vyote vitano. Mwenyekiti alinipa shilingi 3,000 na nauli, akaniuliza kama bado nadai mfumo mpya lazima. Nikamwambia si lazima mwaka huu, lakini kompyuta ibadilishwe, na nakala za data ziwekwe mahali pengine kila juma. Huo ndio ushauri ambao ningepaswa kumpa siku ya kwanza. Mama mdogo alipata fedha zake kabla ya shule kufunguliwa. Hajui lolote kuhusu Clipper, na hataki kujua.

Msidhani mambo haya yaliisha na DOS. Kwenye Linux andikeni ulimit -n, wengi wenu mtaona 1024. Seva yenye shughuli nyingi huufikia ukomo huo haraka, na mnaweza kuupandisha kutoka nje kama sisi tulivyofanya. Lakini kuna programu za zamani zinazotumia select, ambazo namba hiyo ya 1024 imekompailiwa ndani yake. Hizo ukizipandishia ulimit hazifaidiki, na zikipokea kishikio kinachozidi namba hiyo zinaweza kuandika mahali pasipo pao kwenye kumbukumbu na kuanguka. Kwa hiyo kabla ya kupandisha, jueni kwanza mlango unaobana ni upi. Na kama mna Clipper yenye msimbo wake, kuna kompaila huria iitwayo Harbour, iliyoanza mwaka 1999, ambayo inaweza kuukompaili upya kwa mashine za leo.

Ile ya Nyamira bado iko kwa 60. Kwa hesabu ya mwalimu inatosha viwanda kumi zaidi, na vinabaki vishikio viwili. Kabla sijaondoka niliongeza mstari mmoja chini ya ule wake:

REM 12/2023 IMEWEKWA 60, CONFIG.NT 99. INATOSHA VIWANDA 15. MAMA KARANI ANAJUA.