Macho Yameshiba, Moyo Bado

Macho ya binadamu hushiba upesi, lakini moyo hukawia kushiba. Jambo hilo tulilitambua vema, sisi wazazi, tulipoitazama pamoja na watoto wetu sinema ya katuni iitwayo The Good Dinosaur, ambayo wasemao Kifaransa huiita Le Voyage d'Arlo.

Sinema hiyo ni kazi ya Pixar, mafundi mashuhuri wa Marekani. Ilikuwa itoke Mei 2014, ikakawia. Mwongozaji akabadilishwa, kazi ikakabidhiwa Peter Sohn, hadithi ikatungwa upya, ndipo ikaonyeshwa Novemba 2015. Kitu kingojewacho sana huzidi kukua mawazoni. Tena mwaka huohuo mafundi hao walikwisha kutoa Inside Out, iliyosifiwa kila mahali. Tukasema: bila shaka na hii itakuwa bora.

Tulikuwa na sababu nyingine ya kuitamani. Tulikuwa tumemzika babu wa watoto, na tangu siku ile kitinda mimba wetu aliogopa usiku, mvua na ngurumo, wala hakusema neno. Tuliposikia kwamba sinema hiyo inasimulia habari za mtoto mwoga aliyefiwa na baba, tulitumaini kwamba ingetusaidia kuyafungua yaliyofungwa moyoni mwake.

Tuseme kwa haki: picha zake ni za ajabu. Mafundi walitumia vipimo halisi vya ardhi ya Marekani, wakajenga kwa kompyuta milima, mabonde na mito kwa mfano wa nchi ya Wyoming na jirani zake. Maji yanametameta juani, mawingu yanajikusanya kama yale tuyaonayo kabla ya masika. Watoto walitazama vinywa wazi. Vyaelea vimeundwa, na kazi hiyo imeundwa kwa jasho.

Lakini hadithi je? Yasema kwamba kile kimondo kikubwa cha zamani hakikuipiga dunia, hivyo dinosauri hawakuangamia, bali waliendelea hata wakawa wakulima na wafugaji. Wazo jema! Arlo, mwana wa wakulima wa mahindi, anampoteza baba yake katika mafuriko. Baadaye mto unamchukua mbali na kwao, na njiani anapata rafiki, Spot, mtoto wa watu atambaaye kama mbwa. Tangu hapo mambo yanakuja mbiombio: tufani, wanyama wakali warukao, wezi wa mifugo. Kila mmoja anatokea, anatisha, anapita, nasi hatujapata nafasi ya kumjua. Hata kifo cha baba, anayekufa baada ya kumwokoa mwanawe, kinafanana mno na kile cha The Lion King ya mwaka 1994. Kifungua mimba wetu alikitabiri kabla hakijatokea. Kuna mfugaji mmoja mwenye nguvu anayemwambia Arlo kwamba hata yeye huogopa. Neno hilo lilistahili kupewa muda lipate kuingia moyoni, lakini mara wanaanza kukimbia tena.

Pamoja na hayo, pana mahali pamoja palipotugusa. Arlo anasimika vijiti mchangani, kijiti kimoja kwa kila mtu wa jamaa yake. Spot naye anasimika vyake. Kisha Spot anavilaza vijiti vya baba na mama, anavifunika kwa mchanga. Hawana lugha moja, wala hakuna linalosemwa. Hapo kitinda mimba wetu akauliza kwa sauti ndogo:

— Na babu naye amefunikwa hivyo?

Tukamjibu:

— Ndiyo, mwanetu. Babu naye.

Akaja akaketi katikati yetu. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu maziko.

Tazameni basi: milima yote ile, iliyojengwa kwa miaka na kwa mamilioni ya dola, haikumfanya mtoto aseme neno. Vijiti vichache na mchanga vilitosha. Ndiyo maana tulisikitika zaidi, si kidogo. Sinema isiyojua kitu haimwudhi mtu. Lakini hawa walikijua kisima kilipo, wakachota mara moja, wakaenda zao mbio, na sisi tuna kiu bado.

Wazazi wenzetu, hatusemi kwamba watoto wanyimwe picha nzuri. Uzuri nao ni chakula. Ila tusiitume picha ikafanye kazi yetu. Hadithi njema ni ile inayotulia kidogo, mtoto apate kuuliza. Naye akiuliza, amkute karibu mtu wa kumjibu.