Siku Buibui Alipohamia Dukani Kwetu

Leo mtuvumilie, hatuzungumzii gauni la nikahi. Tunazungumzia buibui. Si lile la kuvaa, ambalo ndilo kazi yetu sisi dada wawili hapa Mafiga, Morogoro. Huyu ni mwenyewe, wa miguu minane.

Alikuja ndani ya kopo la pipi, mkononi mwa mtoto wa marehemu dada yetu. Yuko darasa la pili. Tangu mama yake afariki alikuwa hasemi zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Siku ile alitokea kwenye kiwanja wanachochimba msingi, akasema: "Mama mkubwa, mama mdogo, naombeni nimfuge."

Tulichungulia. Mkubwa kama kiganja, ana manyoya, ameinua miguu ya mbele kama anayetaka ugomvi. Tulipiga kelele mpaka muuza mkaa akaja na ufagio. Tungemtupa, lakini sauti ile tulikuwa tumeikosa miezi mingi.

Tukasoma kwenye simu. Kumbe wenzetu Ulaya na Marekani wanawafuga, na mmoja wanayempenda sana ni wa rangi ya chungwa, anayejulikana kwa jina la milima yetu ya Usambara. Tukajifunza pia kuwa hawa wa Afrika si wa kushikwashikwa: ni wakali, na wakikuuma maumivu yake si mchezo. Tukaweka masharti. Mfuniko wenye matundu, udongo wa kuchimba, kizibo cha maji, na mkono usiingie kamwe. Chakula ni panzi au mende, mara moja kwa wiki. Tukamkumbusha mtoto hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, ikawa sababu ya adhabu yake. Kiumbe ukimfungia, riziki yake iko mikononi mwako.

Kila usiku mtoto akawa anatusimulia mgeni wake amekula nini.

Kisha bibi harusi mmoja akaja na mama yake kujaribu gauni, wakaliona kopo kwenye kabati la nyuzi. Mama akasema mwanawe hatavaa nguo iliyoshonwa pamoja na mdudu yule. Wakadai kianzio chao, na kitambaa tulishakata. Tulirudisha. Usiku ule tukagombana sisi kwa sisi: mmoja anasema aondoke, mwingine anasema akiondoka, mtoto atanyamaza tena.

Kesho yake tukamkuta buibui chali, miguu juu, na siku kadhaa alikuwa amekataa kula. Tukasema mambo yamejimaliza yenyewe. Tulipoinua kopo kwenda kumwaga, mtoto alilikumbatia akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Tukamwachia.

Asubuhi buibui alikuwa amesimama, rangi inang'aa, na pembeni yake ganda tupu lenye miguu yote minane, kama buibui lililovuliwa likaachwa mkekani. Kumbe hulala chali wanapojivua, na wakati huo hawatakiwi kuguswa.

Mtoto akatutazama. "Na mama? Mlisema amepumzika. Mbona hamkumsubiri?"

Dada zetu, hapo tuliishiwa maneno. Sisi ndio tuliosema "amepumzika". Tulidhani tunamhurumia, kumbe miezi yote alikuwa anangoja mtu aamke. Tukakaa naye mkekani, tukamwambia wazi: mama amekufa, amerejea kwa Mola wake, harudi duniani, na sisi tutamwombea dua kila siku. Alilia. Tukalia naye. Baadaye akauliza kama tunaweza kwenda kaburini. Tukaenda.

Shule zilipofungwa alitaka buibui naye arudi kwao. Tukapanda bajaji watatu mpaka chini ya milima ya Uluguru, tukalaza kopo kwenye mawe na kurudi nyuma. Alitoka polepole, akaingia chini ya jiwe.

Ganda bado lipo dukani, kwenye kopo la vifungo. Wateja wakiliona wanashtuka, na mtoto ndiye anayewaeleza, kirefu.

Wewe unayeolewa kwenye nyumba yenye yatima, au unayelea wa ndugu yako, usimfiche kifo kwa maneno laini. Mwambie ukweli, kisha usimwache peke yake. Allah awarehemu waliotutangulia. Amin.