Herufi 30 za Remmy Ongala

“Remmy Ongala & Orchestre Super.” Maandishi yaliishia hapo. Ilikuwa mwaka 2003, na mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akichomea majirani CD kwa kompyuta pekee ya nyumbani kwao. Kwanza alidhani aliyetengeneza faili zile za nyimbo alichoka njiani. Baadaye akaelewa. Lebo za MP3 za toleo la kwanza, ID3 ya mwaka 1996, zilikuwa baiti 128 tu zilizobandikwa mkiani mwa faili: herufi 30 za wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu. Hesabu kuanzia R ya Remmy, pamoja na nafasi zilizo wazi. Ya 30 ni r ya mwisho wa Super. Matimila, jina lenyewe la bendi, likaachwa nje.

Aliumia, maana alikulia kwenye kaseti. Waliorekodi nyimbo za dansi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam walimsikiliza mtangazaji, wakaandika kwa peni kwenye karatasi ya kasha: bendi, wimbo, na mara nyingi mtunzi. Karatasi haikukata jina la mtu.

CD nayo ilizaliwa bubu. Kanuni za Philips na Sony za mwaka 1980 ziliiwezesha kujua ina nyimbo ngapi na kila mmoja unaanzia wapi, basi. Majina yalipata nafasi mwaka 1996, ilipokuja CD-Text, na hata hapo redio ya gari ilibidi iwe na uwezo wa kuyasoma.

Kwa hiyo kuchoma CD ya muziki ilikuwa kazi ya subira. MP3 ilifumuliwa kuwa sauti kamili, dakika 80 zikijaza diski, na lebo yake haikusafiri na sauti. Ilibidi uyahakiki majina kwenye programu, uweke tiki ya CD-Text, kisha uchome diski yote kwa mkupuo mmoja. Diski hiyo, CD-R, haifutiki. Umeme ukikatika katikati, umepoteza diski na fedha ya mteja. Ukitaka kompyuta ikutafutie majina intaneti, hifadhi ya CDDB ililinganisha urefu na mpangilio wa nyimbo. Mkusanyo uliopangwa nyumbani haukufanana na chochote, au ulirudi na jina la albamu ya watu wengine kabisa.

Siku moja mzee wa mtaa wa pili alirudisha diski aliyochomewa. Nyimbo zote zilikuwa zimeandikwa Msondo Ngoma.

“Shikamoo mzee. Inakwama?”

“Marahaba. Inaimba vizuri, mwanangu. Lakini huu wa tatu tuliucheza bendi ikiitwa Juwata.”

Alisema kweli. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilibadilika jina kila chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadilika: Juwata, kisha OTTU, hadi ikawa Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo aliimba humo, akahamia bendi ya Mlimani Park mwaka 1978. Kuzipachika nyimbo zote jina la mwisho ni kufuta miaka ambayo wanamuziki hao waliifanyia kazi. Mtunzi ndiye aliyeonewa zaidi: lebo ile ya kwanza ya MP3 haikumwekea hata nafasi moja, ilhali CD-Text ilikuwa nayo. Katika dansi, ambako watu hubishana usiku kucha nani alitunga nini, hilo si jambo dogo.

Kijana akachukua daftari, akaketi na mzee jioni nzima, wimbo baada ya wimbo: bendi, zama, mtunzi pale mzee alipokuwa na hakika. Asubuhi alichoma diski mpya, wakaenda kuijaribu kwenye gari la mpwa wa mzee. Wimbo wa tatu ulipoanza, herufi za kijani zikapita kwenye kioo cha redio: JUWATA JAZZ. Mzee alizisoma polepole, kisha akaongeza sauti.