Redio yangu ilipofunguliwa

Wasomaji wetu wa Kolwezi na wa Lualaba yote, leo siwaletei habari ya mkutano wala ya bei ya kobalti. Ninawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, kwa sababu naona vijana wengi mjini wanalitafuta.

Mwaka jana nilinunua redio ndogo ya mkononi, Quansheng UV-K5. Hapa kwetu kila redio ya namna hiyo tunaiita motorola, hata kama haikutoka kwa Motorola. Fundi mmoja wa simu huku Manika aliitazama akasema: “Yaya, hii imefungwa. Nikufungulie?”

Hakutumia bisibisi. Kwanza alihifadhi kwenye kompyuta vipimo vya kiwandani vya redio yangu, maana vikipotea, redio haifanyi tena kazi sawasawa. Halafu akaizima, akashika kitufe cha kuongelea, akaiwasha akiwa bado amekibana. Kioo kikabaki giza, taa ya tochi ikawaka. Ndiyo dalili kwamba iko tayari kupokea programu mpya. Akachomeka waya wa pini mbili, tukangoja kidogo, basi.

Tangu 2023 wapenzi wa redio katika nchi mbalimbali wameichambua programu ya kiwanda na kuandika zao, ambazo wanazigawa bure. Chipu iliyo ndani, BK4819, tangu mwanzo inaweza kusikia kuanzia megahezi 18 hadi karibu 1300, ikiruka pengo moja katikati. Ni programu ndiyo iliyoweka mipaka. Redio yangu sasa ilichora mawimbi kwenye kioo kama vile vilima vya mabaki ya mgodi tunavyoviona pembeni ya mji. Palipo na kilima, kuna mtu anaongea.

Kulikuwa na jambo la pili. Katika menyu iliyofichwa, mtu anaweza kufungua pia kutuma sauti kila mahali. Programu inataka ukubali mara 10 kabla haijafungua. Fundi alibonyeza mara 10 huku akiongea na mteja mwingine. Mimi sikujiuliza kwa nini waliweka mara 10.

Usiku wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Usiku wa tatu nilisikia mlinzi akisema: “Wawili wamekufa huku nyuma, leteni gari.” Nilishika simu kuita kituo chetu cha redio. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, maana habari ya namna hiyo ukiitoa wa kwanza jina lako linajulikana. Lakini kwenye mafunzo ya uandishi tulifundishwa kwenda kuona. Asubuhi nikapanda pikipiki, nikauliza kwa majirani wa ghala lile. Waliokufa walikuwa mbwa wawili wa ulinzi. Fikirieni kama ningetangaza, na akina mama wenye watoto walio kazini usiku wanasikiliza.

Baadaye tulialikwa, sisi waandishi, kutembelea shimo la mgodi. Redio ilikuwa kiunoni, kidole changu kinachezea kitufe. Mtu wa usalama kazini alinisimamisha. “Baba, izime hiyo. Leo tunalipua.” Akanieleza kwa upole: nyaya za viwashio vya umeme vinavyolipua baruti zinaweza kupokea wimbi la redio iliyo karibu kama antena, na umeme mdogo ukipita ndani yake baruti inaweza kulipuka kabla ya wakati. Wapo watu karibu wanaoipanga. Ndiyo sababu mahali pa kulipulia huwekwa vibao vya kukataza redio. Redio yangu ina nguvu ya wati 5. Nilijibu “asante” na sauti haikutoka vizuri.

Kisha akaja mtoto wa mama mdogo. Ni mchimbaji wa mikono, na nyumbani kwake mtoto wa pili alikuwa amezaliwa juzi. “Yaya, unikopeshe motorola siku moja tu. Tutajua walinzi wako upande gani, tutaingia upande mwingine.”

Sikumfokea. Ninajua bei ya unga. Nilimketisha uani, tukasikiliza pamoja hadi saa nne usiku. Mahali pengi tulisikia mkwaruzo tu, kama mashine ya kusaga. Nikamweleza kwamba redio nyingi za kampuni siku hizi ni za dijitali, tena nyingine zinafichwa kwa msimbo. Redio kama yangu haiwezi kuzitafsiri. Usiposikia sauti si kwamba hakuna mtu. Kisha tukasikia mlinzi mmoja akiomba mwenzake aje mapema kumbadilisha, mtoto wake ana homa. Ndugu yangu akanyamaza.

Nikamwambia: “Walinzi wanaongea. Udongo hauongei.” Sote tunakumbuka tarehe 27 Juni 2019, ardhi ilipobomoka katika mgodi wa KOV hapa Kolwezi, wachimbaji zaidi ya 40 wakafa. Siku ile hakuna redio ambayo ingewaambia watoke. Redio yangu ingempa ujasiri wa kuingia, na hiyo tu.

Aliondoka bila kuaga. Wiki mbili hakuja. Jumapili moja alikuja kula bukari, hakuitaja redio, na mimi sikuitaja. Bado anachimba. Nimemwomba anitumie ujumbe kila anapotoka shimoni, na mara nyingi anatuma.

Na mimi je? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu, na yule mlinzi mwenye mtoto mgonjwa ni mtu. Siandiki tena habari kutokana na ninayoyasikia kwa walinzi, na sizungushi tena kuwatafuta. Nilirudi kwenye ile menyu nikafunga kutuma kote. Kusikiliza ndege zinazoshuka uwanja wetu kunanitosha.

Kijana unayetaka kufungua redio yako, hifadhi kwanza vipimo vya kiwandani, kisha funga kutuma. Ukitaka kuongea, omba ruhusa kwa ARPTC. Wapenzi wa redio wa nchi yetu wana majina yao ya mawimbini yanayoanza na 9Q, na wanaongea na dunia bila kujificha. Na ukienda karibu na shimo, izime kabisa, usingoje mtu akuambie.

Mwandishi wenu, Kolwezi.