Jimu za Bongo: Siku ya kwanza si kitu, ngoma iko siku ya tatu

Msomaji wangu, hapa mjini kuna vijana ambao jioni wanaingia kwenye daladala la Mbagala kwa kupitia dirishani, bila woga wowote. Lakini vijana haohao ukiwaambia waende jimu, wote wana udhuru. Mmoja hana raba. Mwingine anasubiri mwezi uishe. Wa tatu anakwambia anataka kwanza apunguze mwili kidogo ndiyo aende, yaani anataka apone kwanza halafu ndiyo aende hospitali!

Ukweli tunaujua. Watu wanaogopa kuchekwa. Mtu anajiona kichwani mwake amesimama katikati ya mapande ya watu, miguu yake kama njiti za kiberiti, na jimu nzima imeacha shughuli inamwangalia yeye. Mwenye kitambi naye anaona kitatangulia kuingia mlangoni kabla ya mwenyewe.

Basi wiki hii nakutembeza. Tutapita sehemu nne za Dar es Salaam ambako watu wanapiga tizi, kuanzia ya bure mpaka ile ya wenye nazo. Mwisho uchague yako. Ila nakudokeza mapema, usichague kwa kuangalia vioo wala kiyoyozi. Kila tutakapofika jiulize swali moja tu: siku nisipokuja hapa, nani ataniuliza?

DARAJANI ALFAJIRI

Tuanzie Daraja la Tanzanite, lile lililopita juu ya bahari kutoka upande wa Aga Khan kwenda upande wa Coco Beach. Lilianza kutumika mwaka 2022, na urefu wake ni kilomita moja na ushei kidogo. Kwenda na kurudi tayari una kilomita mbili mguuni, na hakuna aliyekutoza hata senti.

Fika saa kumi na mbili asubuhi uone mambo. Kuna mzee ana bukta ya enzi zake na soksi zimepandishwa mpaka magotini. Kuna mama amevaa dera na raba, mwendo wake wa haraka utadhani anawahi gari la mwisho. Kuna mabinti wawili wanatembea huku wakimsema shemeji yao. Jua linachomoza baharini, upepo unapiga, na kila mtu ana lake. Wewe mgeni hakuna anayejua kama ni mgeni. Hapa hakuna cha kujifunza kwanza. Kutembea ulishajifunza ukiwa na mwaka mmoja.

Na usidharau kutembea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Ukizigawa ni nusu saa tu kwa siku tano. Wastani maana yake nini? Ni mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako, lakini ukitaka kuimba pumzi inagoma.

Tatizo la darajani ni hilo swali letu. Siku ukilala, bahari haikuulizi.

WANAOIMBA BARABARANI

Kwa swali hilo twende Temeke Jumapili asubuhi. Huko kuna vikundi vya jogingi, na vingine vimejaa Mbagala na Ilala. Utawasikia kabla hujawaona. Filimbi inalia, mmoja mbele anaanzisha wimbo, kundi zima linaitikia, fulana zote rangi moja. Konda wa daladala anapiga kelele apishwe njia, naye anajikuta anaitikia kiitikio.

Nimesema mtu akienda mwendo wa wastani hawezi kuimba. Hawa wanaimba, tena wote. Sasa hiyo ndiyo siri yao, mwendo wao ni wa taratibu. Kwa anayeanza ni dawa kabisa. Unakaa katikati ya kundi, wa mbele wanakuvuta, wa nyuma wanakusukuma, na ukichoka unatembea mpaka kundi lipumzike.

Faida nyingine ni kwamba vikundi vingi kama hivi vina daftari la michango. Mwenzao akiugua wanakwenda, akifiwa wanakwenda. Kwa hiyo usipoonekana Jumapili mbili, Jumatatu mtu anabisha hodi kwenu. Swali letu hapa limepata jibu zuri.

Hata serikali ilishaliona jambo hili. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na ikatangazwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya watu kutoka kufanya mazoezi. Sababu ni presha na kisukari. Zamani tukiyaita magonjwa ya vibosile. Siku hizi dereva wa bodaboda anayekaa kwenye siti tangu alfajiri mpaka usiku, na dada anayekaa dukani Kariakoo siku nzima, nao wamo kwenye foleni ya vidonge.

UWANI MAGOMENI

Haya, wewe unataka vyuma hasa. Panda mwendokasi, shuka Magomeni Mapipa, kisha ingia mitaani. Ukisikia "mbili! tatu! bado!" nyuma ya ukuta wa mabati, umefika.

Jimu ya uwani haina kibao. Ina mwembe, benchi la mbao, gurudumu la lori, na vyuma vya kienyeji. Chuma chenyewe ni bomba lililochomekwa kwenye makopo mawili ya rangi, na makopo yamejazwa zege. Ukutani kuna picha ya Arnold Schwarzenegger iliyofifia kwa jua. Yule bwana alishinda taji la Mr. Olympia mara saba, lakini naye alianza akiwa kijana wa miaka kama 15 huko kwao Austria, hajulikani na mtu.

Usiyacheke makopo. Lita moja ya zege ina uzito wa kama kilo mbili na nusu kasoro kidogo. Kopo la lita nne basi linakaribia kilo kumi. Mawili pamoja na bomba ni kilo 20 na ushei, ambazo ndizo uzito wa kile chuma kirefu kitupu utakachokikuta kwenye jimu za kisasa. Kilo ya zege na kilo ya chuma cha Ulaya mgongoni ni kilo ileile.

Sasa angalia kijana mwembamba anavyoingia. Amesimama mlangoni kama aliyekuja kudai deni.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba, karibu mdogo wangu. Umeshawahi kubeba?"

"Hapana, kocha."

"Vizuri. Hujaharibika bado. Vua ndala, shika hili bomba."

Bomba tupu! Halina hata kopo. Wiki nzima ya kwanza kocha anamfundisha kuchuchumaa na kusimama mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma, na kuvuta. Na yale mapande ya watu aliyoyaogopa? Moja linahesabu yake, moja linafunga kitambaa mkononi, moja linabishana habari za Simba na Yanga. Ukikaa nao robo saa utagundua mtu aliyebeba kilo 80 kifuani hana nafasi ya kukutazama miguu. Na akikutazama, mara nyingi ni kukwambia "kaza mgongo, dogo." Kila mmoja pale alianza na bomba tupu, na kocha anawakumbuka wote walivyokuwa wakitetemeka.

Kina dada nao wapo, hasa asubuhi na jioni mapema. Wengi wanaogopa kwamba wakibeba chuma watakuwa na kifua kama baunsa. Dada yangu, ondoa shaka. Homoni inayovimbisha misuli ya wanaume ninyi mnayo kidogo sana. Utakachopata ni nguvu, mgongo usiouma na ndoo ya maji inayobebeka kirahisi.

Uwani utaulizwa. Tena kwa sauti, mbele ya watu: "Jana ulikuwa wapi wewe?"

VIOO VYA MASAKI

Ng'ambo ya pili kuna jimu za vioo, Masaki, Mikocheni na katikati ya mji. Kiyoyozi, muziki, mashine za kukimbilia, na maji ya kunywa yaliyopoa. Mashine nyingi zimechorwa picha ya namna ya kukaa na misuli inayofanya kazi, hivyo mgeni hapotei sana. Wanaume na wanawake wana vyumba vya kubadilishia nguo, na wengi wana madarasa ya pamoja ambako mwalimu anaongoza mbele.

Ubaya wake ni vioo vyenyewe. Kila unakogeuka unajiona. Na kadi yako mlangoni haina mdomo. Umelipia mwezi, umekuja mara mbili, mwezi umekwisha, hakuna aliyeshtuka. Kama mfuko unaruhusu, ingia, lakini mwombe mwalimu wa zamu akufahamu kwa jina, au nenda na rafiki ambaye mtadaiana.

Popote utakapoingia adabu ni zilezile. Uliza "bado unatumia?" kabla ya kushika kitu. Tandika taulo au khanga kwenye benchi. Rudisha chuma ulipokitoa. Usipite mbele ya mtu aliyebeba.

SIKU YA TATU

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wanaoshindwa jimu si wengi wanaoshindwa mlangoni. Wengi wanaingia siku ya kwanza vizuri tu, wanacheka, wanapiga picha. Kesho yake mwili unaanza kuuma. Keshokutwa ndiyo balaa, mtu hawezi kukaa chooni wala kuchana nywele. Anajiuliza kama ameumia, na wengine wanakwenda kupima malaria!

Huo si ugonjwa. Misuli isiyozoea kazi inapata michubuko midogo midogo, na maumivu yake yana tabia ya kuchelewa. Yanapanda zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yanaisha yenyewe ndani ya wiki. Ukirudi kufanya kazi ileile, safari ya pili yanauma kidogo tu, maana mwili umeshajifunza. Anayekaa nyumbani mpaka mwezi ujao anajirudisha nyuma mwenyewe, kisha anasema jimu haimfai.

Ndiyo maana nilikupa lile swali. Siku ya kwanza unaletwa na hamu. Siku ya tatu hamu imekimbia, na anayekurudisha ni mtu atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Na usijitie usimba siku ya kwanza. Chagua uzito unaoweza kuubeba mara kumi au kumi na mbili ukiwa na akiba ya mbili hivi. Nenda siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nusu saa mpaka dakika 40. Wiki za mwanzo utaona nguvu inaongezeka na mwili bado uleule kwenye kioo. Usikate tamaa. Mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza kuita misuli, na nyama inafuata baadaye, kama miezi miwili hivi.

Hapo katikati atatokea mshikaji wa kukunong'oneza kuhusu sindano au vidonge vya kuvimba haraka. Mwambie asante, umeshiba. Dawa za namna hiyo zinasinyaza korodani, zinaharibu uzazi, zinaweza kumwotesha mwanaume matiti, na moyo nao unaumia. Kifua kikubwa halafu nyumbani hakuna mtoto, unamwonyesha nani?

Mambo matatu usiyafanyie mzaha. Kama una presha, kisukari, ujauzito au ulishawahi kuumwa moyo, muone daktari kabla ya kuanza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika katikati ya mazoezi, acha hapohapo. Na ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usingoje kesho. Hiyo ni misuli iliyochanika kupita kiasi na inaweza kuharibu figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Zaidi ya hayo sina la kukutisha. Raba za mtumba Karume zipo, bukta ya shule bado inakutosha, na daraja halina kiingilio. Jumatatu nenda. Jumatano, miguu ikiwa imekaza kama mti na ngazi zinakushinda, jikongoje urudi, hata kama ni kwenda kushika bomba tupu. Ukimkuta kocha amekunja uso anakuuliza mbona umechelewa, cheka kimoyomoyo. Umeshakuwa mwenyeji.

Tukutane wiki ijayo.