Nusu ya Sahani

Mama alipopatwa na kiharusi, jambo la kwanza lililonitia uchungu lilikuwa sahani. Alikula wali wa upande wa kulia, akauacha wa kushoto kana kwamba umechorewa mpaka, kisha akanung'unika, "Siku hizi mnaninyima chakula." Nami ndiye niliyepika! Nilipoigeuza sahani akasema, "Ee, sasa umeniongeza," akala mpaka ikaisha.

Nilipoketi kushoto kwake na kumwamkia, aliitikia "Marahaba" huku akitazama kulia, mlangoni. Nilidhani ananisusa. Tulikuwa na ugomvi wetu wa zamani, na mwenye ugomvi hakosi ushahidi.

Daktari akanieleza kuwa macho yake yalikuwa mazima. Kilichoumia ni upande wa kulia wa ubongo, unaotufanya tuyajali mambo ya kushoto. Nuru iliingia jichoni kama kawaida, ila akili haikuipokea. Tena mgonjwa mwenyewe hajui kuwa amepungukiwa.

Baadaye nilisoma habari za Waitalia wawili, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, ambao mwaka 1978 waliandika juu ya wagonjwa wawili wa namna hiyo mjini Milan. Waliwaambia wajione kwa mawazo wamesimama katika uwanja mkuu wa mji, wakilielekea kanisa kuu, wataje majengo. Wakataja hasa ya kulia. Kisha wakaambiwa wajione wamesimama mbele ya kanisa, wameupa mgongo mlango wake. Lo! Wakataja yale waliyoyaacha mwanzo, na yale ya mwanzo yakapotea. Kumbe hata kumbukumbu ina upande wa kushoto.

Jioni moja nikamwomba mama anisimulie nyumba yetu ya zamani, ajione anaingia kwa mlango wa mbele. Akataja chumba cha baba, ghala na kisima. Jiko, lililokuwa kushoto, hakulitaja, na humo ndimo alimomalizia ujana wake.

"Sasa simama uani, mama, uelekee barabarani."

Akanyamaza, kisha akacheka. "Moshi wa jiko lile, mwanangu! Nilikuwa nikikufukuza humo kila siku, hukusikia."

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameniagiza nikae kushoto, ili mama ajifunze kugeuka. Nikatii kila asubuhi. Jioni, kazi ilipokwisha, nilihamishia kigoda changu kulia.