Simu ya Mama Haikuwa Mbovu

Wiki ya UE mama alinipigia mara mbili, sikupokea. Jioni nikamtumia meseji kwamba niko bize na mitihani. Hakurudia tena. Jumamosi nikapanda Mwendokasi mpaka Gerezani, nikatembea hadi Mtaa wa Kongo anakouzia kanga, ndipo nikajua alichokuwa anataka kuniuliza.

"Simu ina ugonjwa," akasema. "Nikijilaza tu, maandishi nayo yanalala. Nikimwonyesha mteja muamala, yanageuka."

Alikuwa ameipeleka kwa fundi, akatozwa elfu ishirini "kubadilisha sensa". Ikatulia siku mbili. Mtoto wa jirani akaichezea, ugonjwa ukarudi. Mama alikuwa anatafuta elfu ishirini nyingine.

Nikapangusa kioo kutoka juu, nikagusa alama ya kuzungusha, ikazima. Ndiyo hiyo sensa. Na niseme ukweli: simu ilikuwa yangu. Nilimpa nilipopata nyingine, yeye akaachana na kitochi chake. Niliiacha vilevile nilivyoizoea mimi wa kuangalia mechi, sikumwelekeza chochote.

Ndani ya simu kuna kifaa kidogo kinachohisi mvutano wa dunia. Kinajua chini ni wapi, basi. Uso wako uko upande gani hakijui. Ukilala ubavu, kichwa chako na simu vimelala pamoja, wewe unaona sawa, yenyewe inaona umeigeuza. Ukiiweka bapa juu ya meza ndiyo kabisa, mvutano unapita mgongoni, haiwezi kujua ubavu upi ni juu, kwa hiyo inabaki ilivyokuwa mwanzo. Mama anaiweka simu juu ya kanga kutwa nzima. Ikishalala, imelala.

Waundaji wanalijua hili. Mwaka 2021 Android 12 ilileta kwenye baadhi ya simu za Pixel njia ya kutumia kamera ya mbele kuangalia uso umekaaje. Ni akili, lakini mwambie mama yangu kamera inamtazama kitandani uone! Mimi napenda ile ya Android 9, ya mwaka 2018: unazima kujizungusha, halafu ukiigeuza simu kinatokea kitufe kidogo pembeni. Ukitaka unakigusa, usipotaka unaachana nacho. Simu haiamui, inauliza. Kwa maoni yangu simu zote zingetoka dukani hivyo, na anayetaka ijizungushe yenyewe ndiye aende kuwasha. Sasa hivi ni kinyume kwenye simu nyingi nilizoshika, na anayeumia ni yule asiyejua kwamba kuna cha kuzima.

Nikamwekea mama taarabu, nikamwambia aigeuze. Kitufe kikatokea.

"Nibonyeze?"

"Ukitaka, mama."

Akabonyeza, picha ikajaa kioo. Akairudisha wima, akabonyeza tena. Akarudia kama mara tano. "Kumbe ina adabu," akasema.

Nikataka twende wote kwa fundi kudai hela. Akakataa, eti wanaonana kila siku, na mwenzie naye ana watoto. Mara akaja mteja wa doti mbili, wakaanza kuvutana bei, mama akishuka mia tano mia tano. Nikakaa pembeni nikikunja kanga zilizofunuliwa. Sikumuuliza elfu ishirini ni faida ya doti ngapi.